Kwa Bugingo, Atakayekwenda Mwakani

Kwenye beji waliniandika Nyanjula.
Mimi ni Nyanjura. Sikuwasahihisha.
Siku mbili pale Capri Point
nilikuwa mtu mwingine kidogo,
na huyo mwingine alinizidi ujasiri.

Nakwambia mapema, Bugingo,
kwa sababu kongamano lijalo utakwenda wewe,
mtambo wa barafu nitabaki nao mimi.

Siku ya kwanza niliipoteza.
Niliketi mstari wa mbele kama mtoto wa kipaimara,
nikanakili kila kilichowashwa ukutani:
asilimia, mishale, duara zilizokatwa kama keki.
Kurasa kumi na moja.
Nimezifungua tena. Hamna mstari hata mmoja
wa kuzuia tone lisidondoke njia ya Kayenze.

Nilikula vizuri, hilo nakiri.
Nikajaza mkoba kalamu za bure
(sita; zinazoandika mbili),
nikaenda Kirumba kulala kwa binamu.
Gizani akaniuliza, "Haya, umepata nini?"
Nikajifanya nimelala.

Sikulala. Nilikuwa najiuliza
kilichonitoa Igombe hasa ni kipi.
Si hizo "changamoto za sekta."
Ni barafu yangu, inayopakiwa nzima alfajiri
na kufika mwaloni nusu yake maji,
na wenye mitumbwi kunilipa nusu,
na mimi kukosa la kuwajibu.
Nikaliandika kiganjani, kwa mwanga wa simu.

Asubuhi niliingia ukumbini nimekunja ngumi,
nimelishika swali kama mtoto aliyepewa nauli.

Safari hii nilikaa karibu na mlango,
wanakokaa watu wenye mitambo
inayoharibika wakiwa safarini.
Mmoja simu ilimtoa mbio. Nikamfuata.
Huko koridoni alikuwa anafoka,
"Vali usiiguse! Nasema usiiguse mpaka nirudi!"
Nikajua huyu ni ndugu yangu.

Masatu, wa Musoma. Nilimngoja kwenye birika la chai
nikamfungulia kiganja.
Jasho lilikwisha kula nusu ya maneno.
Alisoma yaliyobaki, akatia sukari, akakoroga,
akakoroga tena.
"Usiku, washa tochi uiweke ndani ya sanduku.
Funga. Zima taa zote. Zunguka.
Mwanga unakotokea, ndiko hela yako inakotokea."

Hakuna aliyelisema hilo jukwaani.
Au labda lilisemwa, mimi nikiwa nje na kikombe.
Kuna jambo utalikosa, Bugingo, uende ulikotaka kwenda.
Usilililie.

Kadi sikuwa nazo. Nilichana boksi la maji,
nikaandika: Nyanjura, barafu, Igombe, na namba.
Mama mmoja wa mabondo alinipa kadi zake tatu kwa mpigo,
zinang'aa, kama anayegawa karata.
Ziko mahali. Sijui wapi.
Ila Masatu nilimpigia Jumatatu, hata saa tatu haijafika,
kabla sura yangu haijazama kati ya sura mia mbili.
Akanyamaza kidogo, kisha:
"Ahaa! Wewe ndiye wa boksi?"

Ndiyo maana juzi usiku uliniona
nalizunguka sanduku gizani, nimeinama,
ukamwita mlinzi.
Chini, kushoto, pale bawaba ilipolegea,
ulitoka mwanga mwembamba kama mwiba wa sato.
Miaka miwili nimeuza pale. Nimewauzia nyasi.

Mpira mpya umefika, kesho tunaubandika.
Wewe anza kutafuta swali lako.
Usiniambie sasa hivi, bado litakuwa kubwa mno;
lisugue mpaka litoshe kiganjani.
Kalamu ziko kwenye kopo la kahawa, juu ya jenereta.
Zile nne usizichukue.